Moshi hadi Syracuse kupitia Nairobi: kilomita 11,840 za angani na zile mia chache zilizonitoa jasho

Ukiuliza mtandaoni Nairobi na New York zimeachana kiasi gani, jibu linakuja kabla hujameza mate: kama kilomita 11,840 kwa mstari wa moja kwa moja, saa 15 kwenda, 14 kurudi. Jibu ni sahihi, ila halikusaidii sana. Mimi natoka Moshi, mdogo wangu anaishi Syracuse, kaskazini mwa jimbo la New York, na kati ya mlango wangu na wake hizo kilomita 11,840 ndizo zilizokuwa nyepesi kuliko zote. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la pochi, risiti, na picha za simu ambazo nyingi ni za vibao.

Sababu ya safari ni uzazi. Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kwanza mwishoni mwa Aprili 2024, na kwetu mzazi haachwi peke yake. Mama miguu inamsumbua, kwa hiyo kazi ikamwangukia mama mkubwa, yaani mimi.

Kabla ya kuondoka: njia tatu na hesabu zake

Kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani, na Dar nako hakuna. Nilikuwa na njia tatu za kuchagua.

Ya kwanza, KIA hadi Doha, kisha Doha hadi New York. Kipande cha kwanza ni kama kilomita 3,550, cha pili kama 10,780. Jumla 14,300 na ushee, wakati mstari mnyoofu kutoka KIA hadi New York ni kama 12,000. Unaelekea kaskazini mashariki kwanza, unaongeza kilomita 2,300, halafu ndipo unageukia unakokwenda.

Ya pili, Addis Ababa. Hapa nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyobeba abiria wote pamoja na mafuta ya kufika Marekani inakuwa nzito mno kunyanyuka. Ndiyo maana ndege za kutoka Addis kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, Lomé, Abidjan au Dublin, ilhali kutoka Washington kurudi Addis zinakuja moja kwa moja, kwa sababu Washington iko karibu na usawa wa bahari.

Ya tatu, Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta nao uko juu, mita 1,624, ila barabara yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita nne, na ndege ya New York huondoka usiku, hewa ikiwa imepoa. Kenya Airways ilianzisha safari hii tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8 yenye viti 234. Walipoizindua walisema inakula tani 85 za mafuta kila upande na inahitaji marubani wanne, wanaopokezana. Kwenda na kurudi nililipa dola 1,140, karibu milioni tatu za kwetu kwa bei ya dola ya mwezi ule. Doha ilikuwa juu zaidi kwa tarehe zangu. Ombi la viza ya Marekani lilikuwa dola 185 nyingine mwaka ule wa 2024, na hazirudishwi hata ukinyimwa.

Kwa wanaopenda kujipigia hesabu: chukua kilomita, gawa kwa 850, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa Nairobi–New York unapata saa 14 na nusu hivi. Ukienda magharibi ongeza kidogo, ukirudi mashariki punguza, kwa sababu ya upepo nitakaoueleza mbele. Na ukiona tovuti moja inasema 7,350 na nyingine 6,390, usidhani mmoja wao ni mwongo. Ya kwanza ni maili za kawaida, ya pili ni maili za baharini ambazo marubani wanazitumia.

Jumanne, 14 Mei: Moshi – Arusha – Namanga – Nairobi

Kwa ndege, KIA na Nairobi zimeachana kama kilomita 235. Unapaa, unapewa maji, unashuka. Nilikataa kwa sababu ya mizigo: nilikuwa na mabegi mawili ya kilo 23, na ndege ndogo ingenitoza begi la pili. Basi nikapanda gari.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Moshi. Kosta hadi Arusha, kisha gari la Nairobi lililoondoka saa mbili na nusu badala ya saa mbili, nauli shilingi 60,000. Kutoka Arusha hadi Longido sina la kueleza, nililala.

Namanga niliamka vizuri. Tangu mwaka 2018 mpaka huu una kituo cha pamoja: ukienda Kenya, huteremki upande wa Tanzania. Unavuka hadi jengo la upande wa Kenya, na humo ndani afisa wetu anakugongea kutoka, hatua chache mbele afisa wao anakugongea kuingia. Kwa Mtanzania hakuna viza, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano wanaiangalia. Mimi ilinichukua robo saa. Abiria mwenzetu mmoja, kijana aliyekuwa anakwenda kuchukua vipuri, kadi yake ilikuwa na jina lisilolingana na pasi. Tulimsubiri saa moja na dakika arobaini. Dereva hakumwacha. Alisema, "Nimembeba na mama yake alimkabidhi kwangu, nitamjibu nini?" Wengine walinung'unika, mimi nilinunua mahindi ya kuchoma na kuwaangalia akina mama wa Kimaasai wakipigana bei ya bangili na watalii hadi watalii wakashindwa.

Angalizo la pesa: wabadilishaji wanaokukimbilia dirishani Namanga wana mikono myepesi. Ingia dukani, uhesabiwe mbele ya kioo. Wiki ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu ishirini za kwetu, na ukiliweka hilo kichwani hutapotezwa.

Baada ya Kajiado mvua ikaanza. Masika ya mwaka ule yalikuwa ya kutisha, Kenya ilipoteza watu wengi kwa mafuriko kuanzia Machi, na maeneo ya Kitengela na Athi River yalikuwa yamezama wiki chache kabla. Maji yalikuwa yamepungua lakini barabara ilikuwa bado imeliwa kingo, na magari yakawa yanapishana kwa zamu. Kipande cha Kitengela hadi Mlolongo, ambacho mchana mkavu ni nusu saa, kilikula zaidi ya saa mbili. Nilikaa nikitazama ndege zikishuka mbele yetu kuelekea Embakasi, uliko uwanja wa Jomo Kenyatta, moja baada ya nyingine, nami nikiwa kwenye matope yale yale.

Nililala nyumba ya wageni Syokimau, shilingi 3,500 za Kenya, maji ya moto yapo. Chakula cha jioni chapati mbili na madondo kwa 150. Dada wa pale aliponiona na mabegi akaniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akanihurumia: "New York? Na bado umekuja na barabara?"

Jumatano, 15 Mei: kusubiri usiku

Mchana huu naupita. Nilifua soksi, nikalala, nikapima mabegi mara mbili kwa mzani wa duka la jirani.

Jambo moja la maana: angalieni tarehe za tiketi. Ndege yangu ilikuwa 23:50 ya Jumatano, haina utata. Lakini ratiba hubadilika, na ikisogezwa hata nusu saa mbele, tiketi inaandikwa 00:20 ya siku inayofuata. Msafiri anasoma "Alhamisi" na kufika Alhamisi usiku, ndege ikiwa imeondoka karibu saa ishirini na nne zilizopita. Mhudumu wa kaunta aliniambia hawakosi mtu wa hivyo.

Teksi kutoka Syokimau hadi uwanjani 600. Kabla ya kufika majengoni kuna ukaguzi wa barabarani: abiria wote wanashuka, wanatembea na mikoba yao kupitia mashine, gari linakaguliwa peke yake na kuwachukua upande wa pili. Usiku na mvua, ukiwa na begi la mkononi tu, ni sawa. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja kutoka Kisumu, anakwenda kuona wajukuu, amefunga leso mbili juu ya koti. Alikuwa haelewi kwa nini gari linaondoka bila yeye. Askari wa kike akamshika mkono: "Shosho, itakuja tu, imeenda kuoshwa macho." Tukacheka wote, bibi akatembea.

Ndege za Marekani zina ukaguzi wa ziada pale langoni penyewe, baada ya ule wa mwanzo na wa pili. Wanakuuliza nani alifunga mabegi, umebebewa kitu na mtu. Chupa ya maji uliyonunua ndani inaweza kuishia hapo. Kunywa kabla. Fikeni saa nne mapema, na usingizi wenu mjipangie kuuanza ndani ya ndege.

Alhamisi, 16 Mei: usiku wa kunyoosha

Tulipaa karibu na saa sita ya usiku. Nilidhani mbio za kurukia hazitaisha. Ndege ilikuwa nzito na ilikimbia sana kabla ya kuiacha ardhi.

Kwenye kioo cha mbele yangu nilifuatilia ramani. Ukiitazama dunia kwenye ukuta wa darasa, utachora mstari kutoka Nairobi kwenda magharibi, uivuke Congo na kutokea Atlantiki. Ndege haikufanya hivyo. Ilielekea kaskazini magharibi tangu mwanzo: Sudan Kusini, Chad, pembe ya Niger, jangwa lote la Algeria, Moroko, ndipo bahari. Dunia ni mviringo na njia fupi juu ya mviringo inapinda ukiitandaza kwenye karatasi. Mstari huo mfupi unapanda hadi kupita latitudo ya New York yenyewe, kama digrii 42 kaskazini, kisha unashuka kidogo kuingia mjini kutokea upande wa kaskazini mashariki. Nilipita juu ya Sahara kwa zaidi ya saa nne na sikuona taa zaidi ya vijichomozo viwili.

Jirani yangu alikuwa mzee kutoka upande wa Eldoret, mtoto wake anafanya kazi Minnesota. Kila baada ya muda alinyanyuka, akanigusa bega kwa adabu, "Samahani mama," akatembea hadi jikoni kwa wahudumu na kurudi. Mara ya tatu nikamuuliza kama hana raha. Akasema, "Hii miguu ukiisahau, itakukumbusha ukifika." Nikaanza kumfuata. Usiku wa manane tukawa msafara: mzee, mimi, bibi wa Kisumu na leso zake, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anacheka peke yake. Tulipofika, miguu yangu iliingia viatuni bila shida, na nikaona vijana waliolala moja kwa moja wakivivuta vya kwao kwa vidole.

Chakula: wali na kuku baada ya kupaa, kitu chepesi katikati, na kifungua kinywa. Kuku alikuwa na chumvi ya kutosha. Hewa ya ndani ya 787 wanaishikilia kama uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, ndege nyingine nyingi huwa juu zaidi. Kwa mtu wa Kilimanjaro, ni kama kukaa usiku kucha karibu na geti la Marangu, kasoro baridi na ndizi. Ukavu ndio unaochosha. Bebeni mafuta ya midomo.

Madirisha ya ndege hii hayana kifuniko cha kuteremsha. Yana kitufe chini yake, unabonyeza kioo kinageuka buluu nzito hadi karibu kiwe giza. Wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa pamoja, na waliyatia. Saa za nyumbani zilipofika tatu na nusu asubuhi, ramani ikionyesha tuko karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, niliona ukingo wa kioo unabadilika rangi. Nikabonyeza, hakikukubali mara moja. Kikaanza kufifia polepole, kutoka buluu nzito hadi maji ya bahari, na kwa nyuma yetu kukatokea mstari mwekundu mwembamba kama uzi. Jua lilikuwa limezama Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni. Usiku wangu ulikuwa umedumu kama saa kumi na tano, kwa sababu tulikuwa tunalikimbia jua na lenyewe lilikuwa na mwendo kuliko sisi. Likishatupata, asubuhi nayo haikuisha: saa tano na zaidi za mwanga, na tulipotua New York ilikuwa bado saa mbili kasoro asubuhi.

Tofauti ya saa kati ya kwetu na New York ni saba kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, nane wakati wao wa baridi. Pangeni simu za nyumbani kwa hesabu hiyo.

Bado Alhamisi: kutoka JFK, uwanja wa ndege wa New York, hadi Syracuse

Foleni ya uhamiaji karibu saa mbili. Afisa aliuliza nimekuja kwa nani, nakaa wapi, narudi lini, akanipa miezi sita ingawa nilihitaji wiki nne. Mwingine wa forodha akauliza chakula. Nikataja kila kitu: unga wa ulezi, majani ya chai, dagaa wakavu. Alifungua mfuko wa dagaa, akaufunga haraka sana, akanitakia siku njema. Nyama, mbegu na matunda msibebe. Vingine semeni tu. Faini ni ya anayeficha.

Kutoka uwanjani hadi mjini msikimbilie teksi kama mnaweza kuvuta mabegi. Kuna AirTrain, treni ndogo inayozunguka uwanja. Ndani ya uwanja ni bure, unalipa ukitoka nayo hadi kituo cha Jamaica, wakati ule dola 8.50. Hapo unaingia treni ya chini ya ardhi, mstari wa E, wakati ule dola 2.90, na inakushusha chini ya stendi yenyewe ya mabasi, Port Authority. Lifti zipo pote. Jumla ilikuwa dola 11.40, na kadi ya benki unagusa tu kwenye mashine.

Kutoka New York hadi Syracuse kwa anga ni kilomita 336 tu, chini ya Moshi–Nairobi kwa barabara. Basi langu la saa sita na nusu mchana, dola 42, lilifutwa. Hakukuwa na tangazo, namba ilitoweka kwenye ubao, na kijana wa dirishani akaniambia nisubiri meseji kwenye simu ambayo haikuwa na laini ya huko. Nilikaa juu ya begi nikahesabu: tangu nitoke Moshi nilikuwa nimeoga mara moja.

Mama mmoja aliyekuwa karibu akanisikia nikimrekodia mdogo wangu ujumbe kwa kutumia intaneti ya stendi. Alisubiri nimalize, akasogea: "Mama, ulisema Syracuse? Kuya ukae huku. Iko bus ingine ya saa kumi, nami naenda na ile." Alikuwa mtu wa Bukavu, ameishi Syracuse miaka mingi, alipitia kambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa Marekani. Alikwenda na mimi dirishani, akaongea na yule kijana kwa Kiingereza cha kuamrisha kilichojaa tabasamu, na tiketi yangu ikahamishwa bila senti ya ziada. Akatoa kwenye mkoba maandazi madogo ya mviringo. Nikatoka kununua wali na kuku kwenye kigari cha Waarabu cha nje, dola kumi sahani kubwa, tukala sote wawili kwa kijiko na uma, kila mtu na chombo chake.

Saa kumi tulitoka kwa shida kwenye foleni ya jioni, tukapita New Jersey, kona ya Pennsylvania kupitia Scranton, kisha Binghamton. Milima ya kijani kila upande, barabara safi, na sina zaidi ya hapo kwa sababu nililala mdomo wazi. Niliamka saa mbili usiku nikashtuka: jua bado lipo. Mwezi wa Mei kule linazama karibu saa mbili na nusu. Tulifika saa tatu na nusu, shemeji yangu akiwa amesimama na koti la ziada mkononi. Mama wa Bukavu alikataa lifti hadi alipoona mabegi yangu yote mawili yameingia kwenye buti.

Syracuse

Wiki hizi ni za mtoto, si za msomaji. Niseme tu kwamba mtori uliiva siku ya pili, ndizi mbichi zinapatikana, na unga wa muhogo na sembe viko kwenye maduka ya Wakongo na Wasomali. Mji ule ulikua kwa biashara ya chumvi, na hadi leo wana viazi vidogo vinavyochemshwa kwenye maji ya chumvi nyingi hadi ganda linapiga ukungu mweupe, vinaliwa na siagi. Nilivipenda kuliko piza.

Usingizi ulinisumbua karibu wiki nzima. Saa tisa usiku macho makavu. Ilifaa, maana na mtoto alikuwa na ratiba hiyo hiyo.

Jumatatu na Jumanne, 10 na 11 Juni: kurudi

Nilishuka New York Jumapili kwa basi la mchana, safari hii lilikuja kwa saa yake, nikalala kwa rafiki wa shemeji huko Queens. Kwa yeyote mwenye ndege ya mchana: usitoke Syracuse siku hiyo hiyo. Kilomita 336 zinaweza kukuharibia 11,840.

Tulipaa JFK baada ya saa sita mchana. Safari hii upepo ulikuwa wetu. Katika latitudo zile, kwenye urefu wa kilomita kumi hivi, kuna mkondo mkali wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unasababishwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya kaskazini na ya tropiki, na wakati wa baridi yao unakuwa mkali zaidi. Kwenda, ndege inaukabili au inazunguka kuukwepa, kurudi, inaupanda. Kwenye kioo niliona mwendo wa ardhini umepita kilomita 1,000 kwa saa juu ya Atlantiki, wakati wa kwenda sehemu kubwa ilikuwa chini ya 850. Tulitumia saa 13 na dakika 25. Umbali ni ule ule, tofauti ni saa moja na nusu.

Usiku nao ukawa mfupi. Giza liliingia baada ya mlo wa kwanza, na kabla sijashiba usingizi jua likachomoza juu ya Sudan Kusini. Saa tatu asubuhi tulikuwa Nairobi. Mzee wa safari hii alikuwa mwanamke wa Thika aliyenifundisha kuvua saa ya mkononi na kuiweka mfukoni hadi ndege itue.

Uhamiaji wa Nairobi dakika ishirini. Nje, dereva wa gari la Arusha alikuwa na nafasi moja, akaniambia tunaondoka "sasa hivi". Tuliondoka saa nane mchana. Namanga safari hii hakuna aliyekwama, upande wa Tanzania wakagonga yote mawili, na Arusha nikawahi kosta ya mwisho ya Moshi kwa shilingi 4,000.

Wengi wamenishauri na wengine wameniuliza, kwa hiyo niweke wazi ningechaguaje tena. Nikiwa peke yangu na begi moja, Nairobi, bila ubishi. Unalala mara moja na kuamka New York. Nikiwa na mama, mtoto mchanga, au masika kama yale, nitapanda KIA na kuzungukia Doha, kilomita 2,300 za ziada nizikubali, kwa sababu za angani hakuna mtu anayezisukuma kwenye matope. Na kwa anayetoka Dar, hesabu inabadilika tena: ongeza tiketi ya Dar–Nairobi na angalia muda wa kuunganisha usipungue saa tatu, maana ukaguzi ule wa langoni hausubiri mtu.